Kushusha Tawi Kubwa Lililolalia Paa: Mwongozo Kamili kwa Mkata Miti Anayejiajiri

Kila masika ikikaribia, simu za wakata miti haziachi kuita, na kila masika mabati ya watu yanabonyezwa. Tawi la mwembe limelalia paa miaka nenda rudi bila kudhuru kitu. Siku fundi anapoitwa kuliondoa ndipo linapotoboa bati. Mwenye nyumba anakata malipo, fundi anatoa pesa yake kununua bati jipya, na kibarua anaondoka na viganja vilivyochubuliwa na kamba.

Mwongozo huu unahusu kazi hiyo moja, kwa sababu ndiyo inayowashinda wengi: kushusha tawi zito kutoka juu ya nyumba, kipande kwa kipande, bila kuvunja kitu wala kuumiza mtu. Umeandikwa kwa anayefanya kazi hii kwa kujitegemea, mwenye chenso yake, kamba zake na vibarua wawili watatu anaowaita kazi inapopatikana.

Wengi hawashindwi kwa kukosa nguvu wala kwa chenso mbovu. Wanakata kipande kizito kuliko uwezo wa kamba na watu walio chini, halafu wanaifunga kamba mahali palipo chini ya mkato badala ya juu yake. Hapo kipande kinapata nafasi ya kuanguka kabla kamba haijakaza, na kamba inayokaza ghafla haina msaada wowote.

## Vifaa kwanza

Kama kimoja kati ya hivi huna, azima au kodi. Usiende na vifaa pungufu ukitegemea mambo yatajipanga huko huko.

Vya kukatia. Chenso ndogo yenye bamba (ule upanga unaobeba mnyororo) la inchi 12 au 14 kwa kazi ya juu ya mti. Stihl MS 170, yenye injini ya cc 30, inatosha kwa matawi mengi ya uani. Ile kubwa ya cc 72, kama MS 381, iache chini kwa kukatakata magogo. Wengi hupanda na kubwa kwa kuwa ndiyo waliyo nayo, na mikono huchoka kabla kazi haijafika nusu. Chukua pia msumeno wa mkono uliopinda, panga kali, na msumeno mdogo uliofungwa kwenye upondo wa mita 3 au 4.

Kamba tatu, kila moja na kazi yake. Ya kwanza ni ya kushushia: poliesta au nailoni, unene wa milimita 12 hadi 16, urefu usiopungua mara mbili na nusu ya kimo cha panda, yaani pale matawi yanapogawanyika, utakapoipitisha. Ya pili ni ya kuongozea kipande, milimita 10, mita 20 zinatosha. Ya tatu ni yako wewe ya kupandia, na hiyo haibebi mzigo hata siku moja. Kamba iliyowahi kudaka gogo imeshavutika ndani na macho hayatakuonyesha.

Kamba za plastiki za bluu na njano zinazouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi ziache zifunge mizigo kwenye malori. Zikisuguana na gome chini ya mzigo zinapata joto na kuyeyuka, na jua linazifanya zikatike kama majani makavu. Katani nayo huoza kwa ndani. Ukiwa nayo, isokotoe kinyume uone nyuzi za kati: zikiwa za kijivu na zinatoa vumbi, ni ya kufungia mbuzi.

Kapi na kombeo. Kapi moja la chuma lenye maandishi ya uzito linaoweza kubeba, na mkanda mpana wa kulifungia kwenye mti. Kapi lisilo na maandishi ya uzito usilitumie.

Vya mwilini. Kofia ngumu yenye kamba ya kidevuni, miwani, viziba masikio, glovu za ngozi, buti, shati la mikono mirefu, na suruali ya kukatia. Suruali hiyo ina tabaka za nyuzi ndefu ndani. Mnyororo ukigusa, nyuzi zinachomoka na kujisokota kwenye gia ya chenso hadi inasimama. Jinzi haifanyi hivyo, hata ukivaa mbili.

Ongeza mkanda wa kupandia na mkanda mfupi wa kujifungia kwenye shina, wenye waya wa chuma ndani. Mkanda wa nyuzi tupu chenso inaukata kwa mguso mmoja.

Watu na dharura. Wasaidizi wawili chini, si mmoja. Bandeji pana za kukandamizia jeraha, na usafiri uliopo pale pale wenye mafuta. Jueni mapema hospitali ipi iko karibu na nani atakayempeleka mgonjwa.

## Hatua ya 1: Usome mti kabla ya kutaja bei

Zunguka mti wote na uangalie juu kwa utulivu. Unatafuta mambo manne: afya ya shina, njia ya uzito, waya, na wenyeji wa mti.

Gonga shina kwa kisogo cha shoka kuanzia chini hadi unapofika mkono. Mti mzima unajibu kwa sauti kavu, iliyojaa. Ulio na uvungu unalia kama ngoma. Uyoga mgumu ubavuni, ufa kwenye panda, udongo wa mchwa unaopanda juu, au ardhi iliyopasuka upande mmoja wa mizizi ni dalili za kutopanda mti huo. Kazi ya namna hiyo ni ya winchi, au ya kuikataa. Kukataa kazi ni sehemu ya ufundi.

Kuhusu uzito, simama pembeni ya tawi ujiulize: likiachiliwa sasa hivi, litazungukia wapi? Matawi ya mwembe hujikunja, na lenye majani mengi upande mmoja litapinduka kwanza kabla ya kushuka.

Waya ndilo jambo la kufa na kupona. Njia za usambazaji mitaani hubeba volti 11,000 au 33,000, na umeme huo hausubiri uguse: unaweza kuruka hewani, ukapita kwenye tawi bichi, ngazi ya aluminiamu au upondo. Kama sehemu yoyote ya tawi, yako au ya vifaa vyako inaweza kufika ndani ya mita 3 za waya, simamisha mipango na uwaone TANESCO kwenye ofisi ya wilaya. Kwa walio Kenya, ni Kenya Power. Hata waya mdogo unaoingia nyumbani kutoka nguzoni una volti 230. Omba ukatiwe umeme kwa siku hiyo. Kumwambia mama mwenye nyumba "zima swichi kubwa" hakutoshi, kwa sababu waya wa nje unabaki na moto.

Mwisho, wenyeji. Miembe ya pwani imejaa maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Hawana sumu ya kutisha, ila wakikupanda shingoni ukiwa umeshika chenso utaachia mkono mmoja, na hapo ndipo ajali inapoanzia. Viota vishushwe kwa upondo jioni ya siku iliyotangulia. Nyuki wakiwepo, mtafute mrina asali kwanza. Na hongo, yule nyoka wa kijani, anapenda sana miembe na mikorosho ya pwani: tikisa matawi kwa upondo na subiri kabla ya kupanda.

*Umefaulu kama* unaweza kumweleza msaidizi wako kila kipande kitashukia wapi, na yeye akaurudia mpango huo kwa maneno yake.

## Hatua ya 2: Kibali, makubaliano na bei

Nenda na mwenye nyumba kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mti ukiwa mpakani, jirani naye ahusishwe, kwa sababu ugomvi wa matawi huishia kuwa ugomvi wa mipaka na wewe utaitwa shahidi. Miti ya asili ya mbao kama mvule na mninga inalindwa Tanzania na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, hata ikiwa kwenye kiwanja cha mtu: muone ofisa misitu wa wilaya kabla ya kuwasha chenso. Na ukitaka kuondoka na magogo ya mbao, kuyasafirisha kunahitaji kibali, ile TP (hati ya kusafirishia mazao ya misitu). Uliza kabla ya kupakia, usisubiri kusimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani.

Makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: matawi yapi yanakatwa, kuni ni za nani, nani anazoa takataka, dishi na antena vinashushwa na nani, na bati likivunjika inakuwaje. Piga picha za paa kabla hujagusa kitu. Matundu ya zamani yana tabia ya kugunduliwa siku fundi alipokuja.

Bei ndipo wanaojiajiri wengi wanapojikata wenyewe. Wanahesabu petroli na vibarua, kinachobaki wanakiita faida. Chenso nayo inakula. Tuseme imekugharimu shilingi 1,200,000 na unaitegemea ifanye kazi 200: kila kazi inaidai shilingi 6,000 kabla hujanunua lita moja ya mafuta. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa kamba, minyororo, tupa na buti. Ongeza oili, usafiri wa kirikuu, posho za watu, na siku ya mvua ambayo hutafanya kazi ila utakula. Weka pia pembeni fungu la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii unaopokea michango ya wanaojiajiri, na la bima ya afya. Mwajiriwa akianguka ana mfuko wa fidia nyuma yake, lakini wewe una ulichokiweka mwenyewe tu.

Chukua malipo ya awali yanayotosha mafuta na vibarua. Mteja anayekataa kutoa hata hayo kabla ya kazi atasumbua zaidi baada ya kazi.

## Hatua ya 3: Noa mnyororo na uandae chenso

Mnyororo butu ni chanzo cha ajali za juu ya mti. Unakulazimisha kusukuma, ukisukuma unapoteza mizani, na tawi linapokatika ghafla mwili wako unalifuata.

Utaujua kwa kinachotoka. Mnyororo mkali hutema vipande bapa kama punje za mchele zilizobonyezwa, butu hutema unga. Ukiona unga, zima.

1. Tafuta tupa ya duara inayolingana na mnyororo. Mnyororo mwembamba wa inchi 3/8 unaokuja na chenso ndogo hutaka tupa ya milimita 4.0. Wa inchi 0.325 hutaka 4.8. Ule mkubwa wa 3/8 hutaka 5.2 au 5.5, kulingana na kiwanda. Tupa nene inalifanya jino liwe butu upande wa juu, na nyembamba inachimba chini yake.
2. Kaza breki ya mnyororo na ubane bamba kwenye kisiki ulichokichonga ufa.
3. Sukuma tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa pembe ya nyuzi 30 katika minyororo mingi. Inyanyue unaporudi, usiikokote.
4. Hesabu mapigo, kila jino lipate sawa na mwenzake. Meno ya upande mmoja yakiwa marefu kuliko mengine, chenso inakata kwa kupinda na bamba linakwama.
5. Kila baada ya kunoa mara chache, shusha kwa tupa bapa vile vinundu vilivyo mbele ya meno, hadi viwe takriban milimita 0.65 chini ya ncha ya jino. Ukivishusha zaidi, mnyororo unang'ata kwa pupa na chenso inaruka mikononi.

Kwa mafuta, fuata kiwango cha kiwanda. Uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili ya 2T (ya injini za kuchanganya oili na petroli) kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 100 kwenye kidumu cha lita 5. Wa 25 kwa 1 ni mara mbili ya hapo. Tumia kipimo, usikadirie kwa kifuniko cha chupa. Petroli tupu inaua injini kwa dakika chache, na oili nyingi mno inaziba plagi na kutoa moshi unaokuumiza kichwa ukiwa juu.

Oili chafu ya gari usiiweke kwenye tanki la mnyororo. Najua ni bure, na najua karibu kila mtu anaiweka. Ina chembe za chuma zinazokula pampu na bamba, na inarukia ngozi yako siku nzima. Kujaribu kama oili inafika, elekeza ncha ya bamba kwenye ubao mweupe na uongeze kasi ya injini: mstari mwembamba wa oili lazima uonekane.

*Umefaulu kama* chenso inazama kwenye gogo kwa uzito wake yenyewe, bila wewe kuisukuma.

## Hatua ya 4: Uandae uwanja

Fanyeni kazi asubuhi. Pwani upepo wa bahari huongezeka mchana, na msimu wa kusi unaweza kubadilisha njia ya kipande katikati ya kushuka.

Shusheni dishi la king'amuzi, ondoeni magari, fungeni kuku na mbuzi. Zungusheni utepe kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kipande kirefu zaidi. Mwambieni mwenye nyumba, kwa heshima na bila kuzunguka, kwamba watoto wasitoke mlango wa upande huo hadi mtakapomaliza. Tandazeni matairi chakavu mahali pa kutua. Juu ya bati msitandaze kitu wala kupanda: bati linabeba mtu penye misumari tu, na bati lililolowa umande ni utelezi.

Kubalianeni maneno manne, na yasiongezwe mengine: *tayari*, *shusha*, *kaba*, *simama*. Aliye juu ndiye anayeamuru. Neno "simama" pekee linaweza kutolewa na yeyote, hata mpita njia, na likisikika kila mkono unatulia.

## Hatua ya 5: Pima uzito kwa macho na hesabu

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kushindwa, kwa hiyo usiipite haraka.

Mti mbichi uhesabu kama maji: mita moja ya ujazo ni tani moja. Miti mingine ni myepesi kidogo, lakini kosa la kuzidisha halimuumizi mtu. Kwa kila mita moja ya urefu wa tawi:

- kipenyo cha sentimita 20 ni kilo 31
- sentimita 30 ni kilo 71
- sentimita 40 ni kilo 126
- sentimita 50 ni kilo 196

Tazama hapo: kipenyo kikiongezeka mara mbili, kutoka 20 hadi 40, uzito unaongezeka mara nne. Macho hudanganya kwa sababu yanapima upana, na uzito unafuata upana mara upana. Tawi la sentimita 40 unaloliona "si kubwa sana" likikatwa mita 3 ni karibu kilo 380, na hapo majani na vitawi bado hujavihesabu.

Kisha tazama kamba. Chukua kiwango cha kukatikia kilichoandikwa kwenye lebo na ukigawe kwa 10. Kamba ya kilo 2,000 ibebeshwe kilo 200, basi. Inaonekana ni uoga, lakini fundo peke yake hula theluthi ya nguvu ya kamba au zaidi, na mshtuko wa kudaka kitu kinachoanguka hula sehemu kubwa ya kilichobaki.

Kuna la tatu linalosahaulika. Kamba inayopanda kutoka kwa mshikaji, ikapita kwenye kapi na kushuka kwa mzigo, inalivuta tawi lililobeba kapi kwa karibu mara mbili ya uzito wa kipande: upande mmoja ni mzigo, wa pili ni nguvu ya kuuzuia. Kipande cha kilo 100 kinadai panda inayobeba 200.

Kipande cha kwanza kisizidi kilo 50. Ni cha kuwajaribu watu, kamba na mpango mzima.

## Hatua ya 6: Funga kamba juu ya mkato

Chagua panda nene, nzima, iliyo juu kuliko sehemu utakayokata na karibu na shina kuu. Fungia hapo kombeo na kapi. Pitisha kamba, na upande wa mshikaji uizungushe kwenye shina chini, mizunguko miwili au mitatu. Msuguano wa gome ndio unaobeba mzigo, mtu anaongoza tu. Kwa mizunguko hiyo kijana wa kawaida anashusha kipande kinachomzidi uzito, na bila mizunguko kipande ndicho kinachompandisha yeye.

Upande wa tawi, zungusha kamba kwenye tawi, kisha funga bolini, lile fundo la mabaharia lenye kitanzi kisichojikaza, ukilizungushia kamba yenyewe. Kitanzi hicho kidogo kitateleza kwenye kamba ili kamba ilibane tawi, na baada ya kazi fundo linafunguka bila kupigwa nyundo. Kama pana kichipukizi cha kulizuia fundo lisiteleze, kiache.

Lifungwe wapi? Shina likiwa uani na tawi likiwa limelalia paa, funga mbele ya katikati ya uzito, upande wa nchani. Ukikata, kitako kitashuka kwanza upande wa uani, na ncha itanyanyuka kutoka kwenye bati. Ukifunga upande wa kitako, ncha ndiyo itakayoshuka, na iko juu ya sebule ya mtu.

Kamba ya kuongozea ifungwe karibu na ncha, ishikwe na msaidizi wa pili aliye pembeni. Kazi yake ni kupunguza kasi ya kubembea na kukivuta kipande mbali na ukuta.

Onyo: mshikaji asijizungushie kamba mkononi wala kiunoni, na asisimame ndani ya mikunjo iliyolala chini. Kamba ikikimbia inachukua kilicho ndani ya kitanzi chake.

## Hatua ya 7: Panda

Kabla ya kuondoka ardhini, ning'inieni watu wawili kwenye kamba yako ya kupandia. Ikilalamika panda, tafuteni nyingine.

Chenso iwashwe na kupashwa moto chini, izimwe, breki ikazwe, ndipo ivutwe juu kwa kamba. Ukifika mahali pa kazi jifunge mara mbili, kamba ya kupandia na mkanda mfupi, kwa sababu ukikosea na kukata kimoja kinabaki kingine. Usiwashe chenso ukiwa na kifungo kimoja.

Mikono miwili kwenye chenso, daima, na bamba lisipite usawa wa bega. Robo ya juu ya ncha ya bamba ikigusa mti, chenso inarushwa nyuma usoni kwa kasi isiyokupa nafasi ya kufikiri. Kama tawi limekaa vibaya hata huwezi kulifikia kwa mikono miwili, hilo ni la msumeno wa mkono.

## Hatua ya 8: Punguza ncha, kisha kata

Anza nchani ukirudi shinani. Vitawi vyenye majani uvikate kwa msumeno wa upondo, vidogo vidogo vinavyoweza kuanguka juu ya bati bila madhara. Hatua hii inachosha na ndiyo inayorukwa. Majani yakiisha, tawi linabaki gogo tupu unaloweza kulihesabu.

Sasa mkato wenyewe. Tawi lililolala limevutwa upande wa juu na kubanwa upande wa chini.

1. Mwambie mshikaji akaze kamba hadi tawi linyanyuke kidogo.
2. Simama upande wa pili wa shina au juu ya njia ya kitako. Kitabembea kuelekea shina. Usiwe hapo.
3. Kata kwa chini, robo ya unene, isizidi theluthi. Zaidi ya hapo tawi linakaa juu ya bamba na kulikaba. Mkato huu unazuia gome lisichanike hadi shinani.
4. Kata kwa juu, sentimita chache mbele ya ule wa chini, upande wa nchani. Usikilize mti. Mlio wa kwanza wa kupasuka ukisikika, toa chenso, kaza breki, izime na uitundike.
5. Malizia kwa msumeno wa mkono. Unapata utulivu wa kusema "tayari?" na kusubiri jibu.

## Hatua ya 9: Shusha

Mshikaji aachie kamba ikimbie kidogo, kisha aikabe polepole. Akiikaba ghafla, mshtuko wote unaenda kwenye panda uliyofungia kapi. Kipande kikitulia, msaidizi wa pili akivute nje ya paa, ndipo kishuke taratibu hadi kwenye matairi. Hakuna anayekigusa kabla kamba haijalegea.

*Umefaulu kama* kipande kimetua bila kishindo na mshikaji hakusogezwa hata hatua. Kama alisogezwa, kipande kinachofuata kiwe kifupi zaidi au mzunguko uongezwe.

## Hatua ya 10: Mkato wa mwisho shinani

Kisiki cha tawi kilichobaki kisiachwe kirefu, wala kisikatwe sambamba na shina. Kwenye kitako cha kila tawi pana uvimbe wa gome kama pete. Kata nje kidogo ya pete hiyo. Ndani yake mna chembe zinazofunga jeraha: ukiikata, jeraha linakuwa pana na kuoza, na ukiacha kisiki kirefu, kinakufa na kuupeleka uozo ndani.

Jeraha usilipake rangi, lami, oili wala kinyesi cha ng'ombe. Mteja atakuomba. Mweleze kwa upole kwamba mti hauponi kama ngozi, hujifungia ndani kwa ukuta wake wenyewe, na kilichopakwa hushika unyevu tu.

Usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa msimu mmoja, na usikubali kuukata mti kichwa. Machipukizi yatakayoota hapo yanashikiliwa na gome la juu juu tu, na miaka michache baadaye ndiyo yatakayokatika kwa upepo na kuliangukia paa lile lile. Mwembe upogolewe baada ya mavuno, kabla haujaanza kutoa maua.

## Baada ya kazi

Utomvu wa mwembe unachubua ngozi, kwa hiyo oga kwa sabuni mapema na nguo zifuliwe peke yake. Kamba zikaguliwe kwa viganja kuanzia mwanzo hadi mwisho: palipo na ugumu, palipo laini mno au penye nyuzi zilizoyeyuka, kata hapo na utumie vipande vilivyobaki kwa kuongozea tu. Safisha kichujio cha hewa, geuza bamba juu chini ili liishe sawa pande zote, na mwaga petroli iliyochanganywa ikiwa hutafanya kazi kwa mwezi.

Pitia paa na mwenye nyumba mkiwa na zile picha za asubuhi. Akiridhika, asaini karatasi na kumalizia malipo pale pale, kabla kirikuu haijaondoka na kuni.